Fundi Bado na Siku ya Kimbunga

Ndugu waombolezaji, mimi ni binti wa kwanza wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Bado.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya sita, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, kisha akajifunza useremala kwa mjomba wake, ambako mwaka mzima wa kwanza hakushika chochote ila msasa, na mwaka 1974 akafungua karakana yake nyuma ya soko, na baadaye akamfundisha kazi mdogo wake, kitinda mimba wao, wakawa chanda na pete. Tarehe 7 Agosti 1976 alifunga ndoa na mama yetu, mshonaji, wakajaliwa watoto wanne, na sote tumekulia kwenye vitanda vilivyokataliwa na wateja.

Tarehe 9 Februari 1988 kimbunga kilitupiga tangu alfajiri, tukajibanza karakanani watu kumi na saba, sisi, baba mdogo na mkewe na mtoto wao mchanga, na majirani, hadi saa sita mchana upepo ulipokatika ghafla na jua likatoka, naye baba, asiyejua kwamba kimbunga kina jicho, na kwamba jicho likipita upepo hurudi kutoka upande wa pili, akafungua mlango akatutangazia kwamba kimekwisha. Upepo uliporudi ulimkuta baba mdogo njiani, ukuta ukamwangukia, akiwa na miaka ishirini na sita.

Tangu siku hiyo hatukumsikia tena baba akisema jambo limekwisha, chakula kikiisha alisema kimepungua, mteja akifuata kabati lililokwisha kupigwa vanishi na kukauka aliambiwa bado, lakini alichukue tu hivyo hivyo, na ninyi mkampa jina mkidhani ni ule uongo wa mafundi, naye akawaacha mcheke. Mtoto wa marehemu mdogo wake alimlea kama sisi.

Mwaka 2019 alianza kuugua mapafu kwa vumbi la mbao, na tarehe 11 Mei 2024 akalazwa. Tarehe 26 mama mdogo, mjane wa baba mdogo, alifika wodini, akamwambia kwamba siku ile mumewe alikwisha kutoka kwa mlango wa nyuma kabla baba hajatamka neno, na aliyemtuma ni yeye mwenyewe, mkewe, akalete maziwa ya mtoto, na kwamba aibu ndiyo iliyomfunga mdomo. Baba akamuuliza kwa nini alijitwika peke yake, miaka thelathini na sita, mzigo ambao wangeubeba wawili, wakalia pamoja, na siku hiyo baba alilala usingizi ambao mama anasema hakuwahi kumwona akiulala. Mama mdogo ameketi hapa mbele, ndiye aliyeniomba niyasome haya.

Baba alifariki Jumapili, tarehe 2 Juni 2024, saa tatu asubuhi. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani mliotupikia, na mafundi wenzake mliolitengeneza jeneza hili na, kwa mara ya kwanza katika historia yenu, mkalileta siku mliyoahidi.

Pumzika kwa amani, baba, ule ulikuwa upepo tu.