Wiki Saba Dirishani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Mkuu wa Chuo pamoja na walimu wako wote. Ndugu wahitimu wenzangu, tulioanza ishirini na watatu tukamaliza tisa. Ndugu wageni waalikwa, wazazi, wake, waume na watoto, mliokuja kuhakikisha kama kweli jioni zote zile tulikuwa tukienda darasani. Na mke wangu mpendwa, ambaye itifaki ya leo imemweka mwisho ingawa nyumbani itifaki ni yeye: habari za mchana.

Kabla sijafika mbali, naomba radhi kwa jambo moja. Lile sanduku la kahawia pale mlangoni, ambalo Mgeni Rasmi alilikwepa vizuri wakati akiingia na Mkuu wa Chuo hakulikwepa vizuri, ni langu. Mlinzi, mdogo wangu, nakuomba usilipeleke stoo. Na mkiniona natazama saa mara kwa mara, msidhani nimewachoka. Sababu mtaijua kabla sijashuka hapa.

Wengi mnanijua kwa jina la Mzee Koki. Mimi ni fundi bomba, huu ni mwaka wa thelathini na nne, na wateja wangu watawaambia kwamba naziba mabomba yote isipokuwa la mdomo wangu. Wenzangu wamenichagua niseme kwa niaba yao, na sifa iliyonipa heshima hii ni kwamba siku ya kikao nilichelewa. Nilifika nikakuta makofi yanapigwa, nikapiga na mimi, kumbe najipigia mwenyewe.

Sasa mtajiuliza: mtu wa miaka sitini na moja, spana mkononi, magoti yanalia kila akichuchumaa chini ya sinki, alitafuta nini kwenye darasa la Kihispania? Mtalii haniiti kuzibua choo kwa Kihispania. Choo kikiziba, lugha ni moja dunia nzima.

Ndugu zangu, nilimfuata binti yangu.

Binti yetu ni mmoja tu. Alikwenda ng'ambo kusoma, akapata kazi, akapata na mume. Mkwe wangu ni mwoka mikate, mtu wa watu, na kwao ni Kihispania mwanzo mwisho. Miaka sita iliyopita walifunga ndoa huko huko. Mke wangu alikwenda. Mimi sikwenda. Mlioniuliza wakati ule niliwaambia mgongo. Niliwaambia mgongo ndugu, majirani na wateja, mpaka watu wema wakawa wananiletea dawa za kuchua, na mimi nikawa nachua mgongo mzima kabisa.

Tangu hapo binti yangu hakuacha kupiga simu. Ana adabu yule, kalelewa na mama yake. Kila Jumapili: "Shikamoo Baba. Mnaendeleaje? Haya, mpe Mama." Dakika haiishi. Je, mmewahi kupewa salamu iliyokamilika kila kitu, isiyo na kasoro hata moja, mkasikia baridi mpaka kwenye mifupa? Mimi nilipewa kwa miaka, na sikuwa na wa kumlaumu.

Kisha akazaliwa mjukuu. Alipofika miaka minne, Jumapili moja alichukua picha ya harusi ukutani, akaileta mbele ya simu, akaniwekea kidole kwenye picha na kuniuliza kitu. Nikamwuliza mama yake, mtoto anasemaje? "Hamna kitu, Baba. Maneno ya watoto tu." Lakini alivyosema hamna kitu, nikajua kipo. Mtoto akarudia swali, na mimi nikaliandika kama nilivyolisikia, kwa herufi zetu hizi hizi, nyuma ya boksi la gasketi za koki: *porke no estaba el abwelo*. Neno moja tu nililijua, la mwisho, maana ndilo jina langu kule. Ni babu.

Kesho yake nilikuwa na kazi hapa chuoni, kwenye choo cha walimu. Ukutani upande wa pili nikasikia mtu anafundisha, na sauti zile ni zile zile za mjukuu wangu. Kipindi kilipoisha nikamwita mwalimu, nikamwonyesha boksi langu. Mwalimu huyu mnayemwona hapa, mwenye umri wa binti yangu, akasoma, akaniangalia.

"Mzee, hii umeitoa wapi?"

"Kwa mjukuu wangu. Anasemaje?"

"Anauliza: kwa nini babu hakuwepo?"

Nyuma yangu maji yalikuwa yakimwagika, maana koki nilikuwa nimeiacha wazi.

"Utamjibu nini?" akaniuliza.

"Nimjibuje na lugha siijui?"

"Jibu la swali hili liko kwenye wakati uliopita, mzee. Na wakati uliopita tunaufundisha muhula wa pili. Itabidi uanze wa kwanza."

Nilijiandikisha siku ile ile kabla ya kumaliza kazi. Mkuu wa Chuo, ndiyo maana koki moja ilichukua siku mbili. Ulikuwa unajiuliza, sasa umejibiwa.

Muhula wa kwanza ulikuwa wa mambo ya sasa. Mimi ni fundi. Ninakula mkate. Paka yuko chini ya meza. Maisha yalikuwa mepesi. Muhula wa pili tukagawiwa kitabu, na kitabu chenyewe kimeandikwa kwa watu waliozaliwa na Kiingereza. Sisi sote tulifundishwa Kiingereza shuleni, wengine kwa fimbo, kwa hiyo tukaona tunatosha. Kumbe tulikuwa tunachota maji kwa ndoo mbili: Kihispania unakimwaga kwenye Kiingereza, Kiingereza unakimwaga kwenye Kiswahili, ukifika nyumbani ndoo ina kijiko. Kitabu kilitujazia kurasa kumi na moja kueleza kwamba Wahispania wana namna mbili za kusema jambo lililopita, na kila ukurasa ulituacha na kiza zaidi ya uliotangulia. Nesi wa wodi ya wazazi, mhitimu mwenzangu aliyekaa pale na kilemba cha buluu, alisema bora amzalishe mtu mapacha watatu.

Mwalimu akatutazama, akauliza: "Nani hapa anaota kwa Kiingereza?"

Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Basi fungeni hicho kitabu."

Akavikusanya vyote akavifungia kabatini. Akasogeza kiti kimoja dirishani, akafungua mlango. Akasema, ukikaa dirishani unatuambia mambo yaliyokuwa yakiendelea: mvua ilikuwa ikinyesha, watoto walikuwa wakicheza, mama alikuwa akipika. Ukimaliza unatoka nje, unaingia kwa mlango, unatuambia kilichotokea: mgeni alifika, kikombe kilianguka, nilicheka. Kisha akaniangalia mimi. "Mzee Koki, bomba lilikuwa likivuja, au bomba lilipasuka?" Nikamwambia, Mwalimu, hayo ni mambo mawili tofauti, hata bei yake ni tofauti! Tangu siku hiyo hakuna aliyenibabaisha. Ndugu zangu, miaka yote tumeisema tofauti hiyo kwa Kiswahili tangu tukinyonya, halafu tukaenda kuitafuta kwenye kitabu kilichoandikiwa wengine.

Akatupa kazi ya muhula mzima. Kila mmoja achague siku moja ya maisha yake, aisimulie kila wiki, hiyo hiyo, mpaka iwe sawa. Ukikosea, neno lake ni moja: "Tena!" Ndiyo maana sisi tunamwita Mama Tena. Mwalimu, ulikuwa hujui? Basi leo umejua.

Mimi nikachagua siku ya uwanja wa ndege, ile ya safari ya harusi.

Wiki ya kwanza nilikaa dirishani. Nikasema kwamba mvua ilikuwa ikinyesha, mke wangu alikuwa amevaa gauni la kijani, sanduku lilikuwa la kahawia, watu walikuwa wamepanga foleni, mgongo ulikuwa ukiniuma. Wiki ya pili nikaongeza rangi ya viti. Wiki ya tatu nikaongeza mtoto aliyekuwa akilia kwenye foleni. Kufika wiki ya saba, darasa zima lilikuwa linalijua sanduku lile mpaka zipu iliyokuwa ikikwama, na mimi nilikuwa sijanyanyuka kwenye kiti.

Nesi akachoka. Akasema mbele za watu: "Mzee wangu, mimi wenye mgongo nawahudumia kila siku. Mwenye mgongo hasimulii rangi ya viti. Mficha maradhi, kifo humuumbua." Darasa likacheka. Mimi nikacheka pia, lakini kicheko hakikushuka moyoni.

Mwalimu hakucheka. Akasema taratibu, "Mzee, umetueleza yote yaliyokuwepo siku ile. Wewe ulifanya nini? Toka nje. Uingie ukiwa tayari."

Nikatoka. Nikasimama kwenye korido, nyuma ya mlango ule ule uliowekewa sanduku sasa hivi. Mlinzi akapita, akaniuliza, "Mzee, umefukuzwa?" Nikamwambia bado. Dakika kumi nzima nilikuwa pale. Nilikuwa natafuta maneno ya kujitetea, na nikagundua kwamba kwa Kihispania sina. Kwa Kiswahili ningewapaka mafuta kwa mgongo wa chupa mpaka jua lizame, nawajua wateja wangu na wao wananijua. Lakini kwa Kihispania nilikuwa na maneno ya mtoto wa miaka minne, na mtoto wa miaka minne hana namna zaidi ya kusema kilichotokea.

Nikaingia. Nikasema: Mgongo haukuniuma. Niliogopa. Mke wangu aliingia kwenye ndege, mimi nilirudi nyumbani.

Mimi nimeutoa moyo wangu, nimeuweka mezani. Mwalimu akanitazama kwa upole, akasema:

"Tena. Kitenzi cha pili umekosea."

Wallahi, ningekuwa na spana! Nikatoka, nikaingia, nikasema tena. Akasema tena. Mara ya kwanza nilisema nikitetemeka, mara ya pili nilisema nikiwa na hasira, mara ya tatu niliisema tu, kama mtu anayetaja jina lake. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini anarudisha watu. Na nesi yule yule alininunulia soda.

Niliogopa nini? Nitawaambia na ninyi, maana mwenye kusema mara tatu haoni haya ya nne. Mimi ni mtu wa kusema. Kule ningekaa meza ya mbele, baba wa bibi harusi, nikiwa bubu, nikitabasamu kama picha, mtu mwingine akinisemea hotuba ya mwanangu. Nililiona hilo nikiwa kwenye foleni, nikashindwa. Aibu yangu mwenyewe nikaipa jina la mgongo, na binti yangu, ambaye si mjinga, akajua si mgongo, akatafuta sababu yake.

Jumapili iliyofuata nilimwambia mke wangu asichukue simu. Nikaomba nimwone mjukuu. Nikamwambia kwa Kihispania, polepole: uliniuliza kwa nini babu hakuwepo. Babu aliogopa. Babu hakujua kusema na watu. Babu alirudi nyumbani. *Me equivoqué*. Nilikosea.

Mtoto akasema sawa, akaendelea kula ndizi yake. Lakini aliyekuwa ameshika simu alikuwa mama yake. Simu ikawa inatikisika. Nikaona dari, nikaona taa, nikaona sakafu, kisha nikasikia Kiswahili.

"Baba. Mimi miaka yote nilijua humtaki mume wangu."

"Mwanangu, nitamkataaje mtu ambaye hata kumsalimia nilikuwa siwezi?"

Akalia, nami nikalia, na mama yake, ambaye alikuwa amejificha nyuma ya pazia la jikoni akidhani simwoni, akalia kuliko sote. Siku ile tuliongea kwa saa mbili. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Mimi ni fundi wa maji, niaminini: yote hayazoleki, lakini ukiwahi na kitambaa, sakafu utaiokoa.

Tukiwa tunaagana, yule mdogo akarudi mbele ya simu, mdomo umejaa ndizi, akauliza: "Utakuja lini?"

Swali hilo nililielewa bila boksi la gasketi. Nikamletea Mwalimu habari. Akasema, mzee, wakati ujao tunaufundisha muhula wa tatu, baada ya cheti hiki cha kwanza. Nikamwambia, Mwalimu, nakuheshimu sana, lakini huo sitausubiri.

Basi, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sanduku lile ni lile lile. Zipu nimeitengeneza. Ndege ni saa kumi na mbili jioni, gari liko nje linanguruma, na hati zote mbili za kusafiria ziko kwenye mkoba wa mke wangu, ambaye safari hii hataki mchezo: amesema uwanja wa ndege atanishika mkono kama mtoto. Mfukoni nina hotuba ya baba wa bibi harusi, ukurasa mmoja, Kihispania changu mwenyewe, imechelewa miaka sita. Kawia ufike. Mwalimu ameisahihisha mara nne, na leo asubuhi, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliisoma mpaka mwisho na hakusema tena.

Mwalimu, kwa niaba ya hawa wanane na mimi, tunakushukuru. Ulitufundisha kusema yaliyopita, tukayasema, tukayaacha pale yalipo. Mkuu wa Chuo, ile koki ya choo cha walimu nimepita kuiangalia asubuhi, haidondoshi tena. Wenzangu, cheti changu nichukulieni. Nanyi nyote mliotega masikio yenu kwa fundi bomba mpaka hapa, asanteni sana, na mnisamehe nisipobaki kwenye picha ya pamoja, maana kuna picha nyingine inanisubiri.

Mama Binti, simama. Twende tukatokee mlangoni.