Marehemu Esteria Mgaya na Watoto wa Kabla ya Siku

Wapendwa, Esteria Mgaya tunayemzika leo hapa Mahongole alizaliwa Kichiwa tarehe 3 Machi 1916, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akajifunza uuguzi na ukunga, na tangu 1938 akahudumu katika hospitali ya misheni karibu na Njombe.

Tarehe 12 Juni 1940 aliolewa na Nahumu, seremala, na mwaka uliofuata kifungua mimba wao alizaliwa kabla ya siku zake, ndugu kwa huruma wakamnywesha uji mwepesi, ukampalia, akafia mikononi mwa mama yake. Baadaye Mungu aliwajalia Tabea na Lukas.

Tarehe 9 Julai 1951 Oktavia wa Makambako alijifungua binti wa ratili tatu, asiyeweza kunyonya, akawa analishwa maziwa ya mama yake kwa mpira mwembamba uliopita puani hadi tumboni, kila baada ya saa mbili. Wiki ya nne bibi wa mtoto alichoka, akasema, "Mwuguzi, toa huo mpira, anyonye kama wenzake." Daktari alikuwa safarini, Esteria akakubali kujaribu, mtoto akavuta mara tatu, akapaliwa, midomo ikabadilika rangi. Esteria alimgeuza kifudifudi, akamsugua mgongo, akangoja pumzi ambayo haikuja upesi, hata mtoto akalia. Bibi akataka mjukuu akafie nyumbani. Esteria alisimama mlangoni, akasema, "Mama, mwanangu walimharakisha nikiangalia. Huyu hatumharakishi."

Bibi akarudi kuketi, na Esteria akaandika ratiba: siku tatu mpira peke yake, kisha titi mara moja asubuhi mtoto akiwa macho, kisha mara mbili, akionyesha kuchoka aachwe, kinachobaki kipite mpirani. Siku ya kumi na tisa mtoto alinyonya kutwa nzima, mpira ukatolewa, bibi akamwita Yunisi. Kwa ratiba ile walipona na kukua watoto thelathini na mmoja, na kumi na mmoja ambao hawakupona Esteria aliwaandika pia majina.

Januari 1957 moyo ulianza kumsumbua, miguu ikavimba, akaendelea kufanya kazi ameketi, hadi alipolazwa mwezi Mei. Tarehe 13 Agosti alimwuliza mwuguzi Teodora habari za mtoto wa kitanda cha pili. "Leo amenyonya mara nne, dada." Akasema, "Kesho msimzidishie." Kesho yake, saa nne asubuhi, alifariki.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi wenzake, na majirani wa Mahongole mliomwuguza kwa zamu.

Pumzika, Esteria, katika amani ya Bwana.