Marguerite Kaneza, Mama wa Mapazia ya Jabe

Ndugu na majirani mliovumilia nasi jua hili, tunayemzika leo alizaliwa tarehe 6 Mei 1976 Nyakabiga, hapa Bujumbura, binti wa pili wa mama aliyeuza vitenge sokoni Jabe. Mtaa mzima ulimwita Mama Maxime.

Alianza shule mwaka 1983, hapo hapo Nyakabiga. Akiwa darasa la nne alimchora mwalimu ubaoni, masikio makubwa kupita kichwa. Mwalimu alitazama, akasema, "Haya ni masikio ya baba yangu kabisa," akakataza ubao kufutwa mpaka jioni. Masomo ya sekondari yalikatika Oktoba 1993 vita vilipozuka, kama ya wengi wa rika lake, wala hakuyarudia.

Mwaka 1996 Mzee Huseni, mpiga picha wa Jabe, alimpa kazi ya kuchora mapazia ya studio, yale yanayotundikwa nyuma ya mteja. Mtu mwenye shati moja tu aliondoka na picha yake mbele ya ndege ya kuchorwa. Simu za kamera zilipoua studio, mzee alimwachia chumba, naye kuanzia 2013 akawa anakusanya vijana kila Jumamosi, baada ya kazi za jamii. Alimpa kila mmoja kipande cha pazia kuukuu.

"Chora kwanza pahali unataka kusimama," aliwaambia. "Ukimaliza, ujichore umesimama pale."

Wengine walikodolea kitambaa macho majuma kadhaa. Sumaya alijichora mlangoni mwa duka la kushona, na leo anashona kweli.

Tarehe 14 Agosti 1999 Marguerite alifunga ndoa na Zénon, fundi wa magari. Walijaliwa Maxime, kisha Lisette.

Maxime hakupenda kuchora, na mama yake alimbembeleza miaka nenda rudi. Juni 2022 akakubali. Alichora barabara ndefu yenye theluji pembeni, yeye mwenyewe na begi mgongoni, anacheka. Marguerite aliitundika mbele ya wote: "Muone mutoto wangu! Huyu amejiona!" Majuma mawili baadaye kijana aliondoka bila kuaga. Simu yake ya mwisho ilitoka Libya, Novemba ya mwaka ule. Alisema anangoja mashua.

Tusimpambe marehemu: alivunjika. Alifunga chumba, akawa akiona brashi anageuza uso. Alisema ni yeye aliyemsukuma mwanawe barabarani, na hakuna aliyeweza kumtoa katika neno hilo. Miezi ilipita hivyo, mpaka Prudence, binti wa miaka kumi na sita, mmoja wa vijana wa Jumamosi, alipokuja kugonga nyumbani.

"Mama Maxime, mi sijamaliza. Nimechora nyumba tu, mi mwenyewe sijajitia."

"Na ukipotea kama mwenzako?"

"Basi we utajua kwenye nilikuwa nataka kufika."

Marguerite alilia sana, kisha akachukua ufunguo. Tangu hapo hakukosa Jumamosi hata moja, na kila Jumamosi alirudi nyumbani na hofu. Vijana aliwaongezea swali moja: "Na pale, nani anakungoja?"

Agosti 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Mjini mafuta ya magari hayakuwepo, kwa hiyo mara nyingi alikwenda hospitali kwa miguu, ameshikiwa mkono na Zénon, wakipumzika kwenye vibaraza vya watu. Siku zake za mwisho alimwita mdogo wake Xavier, ndiye huyu anayewasomea, aandike maneno haya ya msiba.

"Maxime mutamuandika wapi?"

Xavier akawa anamnyooshea shuka.

"Apana kunyamaza. Mumuandike na wazima."

Alifariki Jumapili, tarehe 9 Machi 2025, alfajiri, mikononi mwa Lisette. Inatuuma sana.

Ameacha mume wake Zénon, mdogo wake Xavier, binti yake Lisette, na mwanawe Maxime, ambaye bado hajapata habari ya msiba huu.

Mama Maxime apumzike kwa amani.