Hodi ya Kabati la Tatu

Tarehe 30 Juni 2025, Mama Ikupa Mwambungu, Afisa Ununuzi Mkuu wa kiwanda chetu cha chai hapa Nyololo, anakabidhi ofisi baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Nimekaa meza ya pili kutoka kwake tangu 2009, ndiyo maana kamati ya hafla ya kumuaga imenipa kazi ya kuandika haya. Nilimwomba ruhusa ya kusimulia jambo moja ambalo wengi mmelisikia nusunusu. Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Andika, Faustina. Ila usiongeze chumvi."

Alizaliwa Uyole, Mbeya. Alikuja kwetu mwaka 1994 akiwa karani wa stoo, na Kihehe alijifunza kwa mafundi, matusi yakitangulia. Mwaka 2003 ulifika mzigo wa nyaya za shaba kutoka ng'ambo. Mama alichukua kisu cha jikoni, akakwangua waya mmoja, akakuta aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba. Mzigo mzima ulirudishwa. Kisu hakijarudi jikoni hadi leo. Msambazaji mmoja aliwahi kumwuliza kwa simu Nyololo ni wapi. "Ni mahali ambapo umeme ukikatika, majani ya wakulima mia nne yanaoza," akamjibu.

Lakini mwaka 2008, kwa agizo la wakubwa wa wakati ule, alinunua makabati ya umeme ya bei rahisi. Milango yake haikuwa na kufuli la usalama, lile linalozuia mlango usifunguke umeme ukiwa ndani.

Tulikuwa na fundi umeme, Anania Kikoti, mtu wa Tosamaganga. Kabla ya kufungua kabati lolote aligonga mara mbili kwa kidole na kulisalimu kwa Kihehe: "Kamwene." Alisema huwezi kuingia nyumba ya mtu bila hodi. Tulimcheka sana. Asubuhi moja ya Machi 2011 aliambiwa umeme umezimwa. Akagonga, akasalimu, akafungua. Umeme ulikuwepo.

Baada ya mazishi Mama Ikupa alitoa faili la ununuzi ule, akalisoma kutwa nzima bila kugusa chai yake. Hakuwa na kosa kwa mujibu wa karatasi. Hakuwahi kujitetea kwa karatasi hizo.

Mwaka 2021 tuliagiza makabati mapya sita kwa mtengenezaji wa Ulaya. Mama aliandika vipimo mwenyewe: kila mlango uwe na kufuli la usalama. Safari zilikuwa ngumu mwaka ule, hivyo ukaguzi ulifanyika kwa video, saa nane mchana. Chumbani tulikuwa watatu: Mama, meneja wetu Bwana Masumbuko, na mimi. Kule ng'ambo mhandisi wao alitembea na simu mkononi, akituonyesha kabati baada ya kabati. La kwanza, sawa. La pili, sawa. La tatu akalipita, akisema ni kama la pili tu.

Ndipo kule kwake bati la kabati likagongwa. Mara mbili.

Mama Ikupa alisimama.

"Nani yuko hapo na wewe?" akauliza kwa Kiingereza.

"Niko peke yangu, madam. Wenzangu wameenda kula."

Akazungusha simu. Ukumbi mrefu, taa nyeupe, hakuna mtu.

"Fungua hilo la tatu."

"Meli inaondoka Ijumaa, madam. Tafadhali sahihi yako."

"Mama, tusichelewe," Bwana Masumbuko akanong'ona. "Msimu umeanza."

"Afungue, meneja. Sisaini."

Mhandisi akavuta mpini huku taa nyekundu ya majaribio ikiwaka, umeme ukiwa ndani. Mlango ukafunguka wenyewe, taratibu, kama unaokaribisha mgeni. Kufuli halikuwekwa. Mhandisi alirudi nyuma hatua tatu.

Meli iliondoka bila mzigo wetu. Tulingoja wiki saba, makabati ya zamani yakikata umeme kila mara, majani yakaoza, na wapo waliomnunia Mama hadi Krismasi. Makabati yalikuja yakiwa kamili. Mwaka juzi fundi Yotamu aliambiwa umeme umezimwa. Akavuta mpini wa kabati la tatu, likagoma. Akapima, akakuta umeme upo. Yotamu ndiye atakayetuongozea sala leo, na mkewe yuko naye.

Siku ile ya video Bwana Masumbuko alituuliza tumesikia nini. Mama akasema, "Nimesikia kugongwa, kisha nimesikia salamu." Meneja alisema yeye amesikia bati tu. Wakanigeukia. Niliogopa kuonekana mwendawazimu, nikasema bati tu. Tangu hapo watu wamemtania Mama kwamba anasikia wafu, naye amenyamaza. Miaka minne aliibeba salamu ile peke yake.

Mama Ikupa, nilisikia. Ilikuwa karibu kabisa na simu, kwa sauti tuliyoizoea sisi wawili: "Kamwene." Nisamehe kwa kuchelewa kusema.

Tunakushukuru kwa kila mlango ulioukataa. Nenda Uyole ukapumzike, parachichi zako zizae, na Mungu akupe usingizi mzito. Hukuwa peke yako.

Faustina, Idara ya Ununuzi