Vifurushi Sitini na Vitatu

Benchi hili Fundi alilichonga kwa ajili ya mteja, akakosea mguu mmoja kwa upana wa kidole, mteja akalikataa, nalo likabaki mbele ya karakana ya useremala mpaka leo. Ukikaa upande wa kushoto unaporomokea mtaroni, ukikaa upande wa kulia unanyanyuliwa kila jirani anapocheka. Wenyewe hawajali. Kila asubuhi utamkuta hapo Dereva, aliyeendesha malori miaka thelathini na sasa anaendesha mdomo. Utamkuta Mama Birika, muuza kahawa ambaye kituo chake ni popote penye ubishi. Na utamkuta Fundi mwenyewe, anayeapa kwamba yuko kazini ilhali randa yake haijasikika tangu jana. Wa nne ni mpwa wake Fundi, binti wa miaka ishirini na minne wanayemwita Injinia. Yeye huja na kompyuta yake kwa sababu mtandao wa duka la vitabu la jirani unafika benchini, na mwenye duka amemruhusu autumie. Leo alifika, akakaa, akafungua kompyuta, na hakumsalimia mtu. Hapo ndipo wote walipojua kuna jambo.

— Imekufa, alisema Injinia.

— Nani? Mama Birika nusura aangushe vikombe. Jamani, nani kafa?

— Programu yangu.

— Loo! Umenitoa roho bure. Nilidhani mtu. Haya, shika kahawa.

Lakini kwa Injinia hilo halikuwa jambo la kahawa. Miezi sita mizima alikuwa akiandika programu ya kuwakumbusha kina mama, kwa ujumbe wa simu, siku ya kupeleka watoto chanjo. Leo saa tano alitakiwa kliniki akamwonyeshe muuguzi mkuu. Mara ya kwanza walipopatana, umeme ulikatika. Mara ya pili kompyuta iliishiwa chaji mlangoni. Muuguzi mkuu akamwambia kwenye simu, tena kwa sauti ya upole inayotisha kuliko ukali: "Binti, hii ya tatu ndiyo ya mwisho. Wapo wengine wanaosubiri kunionyesha za kwao." Sasa ilikuwa saa nne kasorobo, na programu iliyofanya kazi jana jioni ilikuwa haifurukuti. Alikuwa na hofu, hofu ya kweli.

— Jana si ulituonyesha ikienda? aliuliza Fundi.

— Jana ilikwenda, Mjomba. Leo alfajiri nikasema, mgeni mkubwa huyu, nisafishe nyumba kidogo. Nikasasisha vifurushi vyote. Sitini na vitatu, kwa mkupuo mmoja.

— Vifurushi vya posta? Dereva akauliza.

— Vya programu, mzee. Lugha ninayoandikia inakuja na vitu vichache tu. Ukitaka zaidi, unachukua kazi waliyokwisha kuifanya wenzako, imefungwa kifurushi, imewekwa kwenye ghala mtandaoni. Ukitaka kutuma ujumbe, kuna kifurushi chake. Ukitaka kalenda, kipo. Unashusha, unatumia.

— Hiyo lugha inazungumzwa wapi?

— Haizungumzwi popote. Naandikiana na kompyuta.

— Na inakujibu?

— Leo inanijibu ovyo.

— Na hivyo vifurushi unauziwa?

— Ni vya bure.

— Bure! Dereva akajipiga paja. Basi ugonjwa tumeshaujua. Mimi mzigo wa bure nilipakia mara moja tu maishani, na lori lilizima mara saba kabla ya daraja la kwanza.

— Lori lako lilikuwa linazima hata likiwa tupu, Fundi alisema.

— Usiingilie wataalamu.

Injinia alijaribu kuwaeleza, nusu kwao, nusu kwa nafsi yake. Kifurushi cha kutuma ujumbe hakisimami chenyewe. Kinaegemea kingine, cha kuunganisha mtandao, na kinataka toleo la tatu la hicho, si jingine. Yeye asubuhi amekipandisha mpaka toleo la nne.

— Kirudishe la tatu, yaishe, alisema Mama Birika.

— Nimekirudisha, mama. Kikaja kingine kikagoma. Hicho kinataka la nne. Kompyuta inasema haiweki kitu mpaka vikubaliane.

— Basi hao ni wakwe, Mama Birika akatangaza, akajiweka sawa kama mtu anayeanza hotuba. Umeposa mmoja, kaja na shangazi. Shangazi kaja na mashoga zake. Shoga mmoja hali hiki, mwingine hakai na yule. Hebu niambie, wewe mwenyewe ulileta vingapi?

Injinia akahesabu.

— Tisa.

— Na hivi hamsini na vinne?

— Vimeletwa na hao tisa.

— Si nimesema! Mama Birika akapiga kigelegele hata mwenye duka la vitabu akachungulia. Wakwe watupu! Hapo hakuna dawa ila kuwapikia.

Dereva hakupenda kuona mtu mwingine akipata sifa. Akakohoa.

— Wakwe wapi? Suala ni usingizi. Hilo ghala liko ng'ambo, sivyo? Huku asubuhi, huko usiku wa manane. Mtunza ghala kaamshwa, macho yamejaa tongo, kashika cha nne badala ya cha tatu. Mimi nimepakiwa magunia ya saruji nikiwa nimeandikiwa mchele. Nilishusha kwenye mgahawa.

— Wakapika? aliuliza Fundi.

— Walianza.

— Huko hakuna mtunza ghala, mzee, alisema Injinia. Ni mashine.

— Na mashine hazilali? Uliza lori langu!

Hapo Fundi akanyanyuka. Alikuwa ameikodolea macho kompyuta ya mpwa wake muda mrefu, kichwa kimeinama upande, kama anavyotazama fremu ya mlango.

— Nyote hamjui kitu, alisema. Tazameni benchi. Linainamia wapi?

— Mtaroni.

— Na kompyuta imekaa kwenye nini?

— Kwenye benchi.

— Basi vifurushi vimeporomokea upande mmoja. Vimelaliana. Cha tatu kiko chini, cha nne kimekikalia.

Na hebu fikiria, watu wazima hawa wakatafuta kipande cha ubao, wakakichomeka chini ya kompyuta, Fundi akaleta pimamaji, akafumba jicho moja, akasema: "Sasa jaribu." Injinia alijua ni upuuzi mtupu. Akajaribu. Ikagoma vilevile, lakini kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo alicheka, akacheka mpaka upande wa kulia ukanyanyuka na Dereva akamwaga kahawa.

Kicheko kikamkauka ghafla. Mbele yake alisimama mwanamke mwenye sare nyeupe, mkoba begani, jasho usoni.

— Hapa ndipo kwa Injinia? Mimi ndiye muuguzi mkuu. Kliniki maji yamekatika, nimetoka kumtafuta fundi bomba, nikaelekezwa njiani kwamba unashinda hapa, nikaona nipitie mwenyewe. Nina robo saa.

— Shikamoo, Sista, Injinia alisema, akainuka.

— Marahaba. Haya, nionyeshe.

Mama Birika alishajaza kikombe kabla mgeni hajakaa. Dereva akahamia upande wa mtaroni kwa heshima. Injinia angeweza kudanganya; neno "mtandao" lilimfika mdomoni, maana mtandao hubebeshwa lawama zote. Akalimeza. Akasema kweli: jana ilifanya kazi, leo asubuhi amesasisha vifurushi vyote sitini na vitatu, vinagombana, na hajapata suluhu. Machozi yalikuwa karibu, akayazuia kwa kutazama chini.

— Nilitaka ukute kila kitu kipya, Sista.

Sista akanywa funda moja, akatazama kioo chenye orodha ndefu ya majina asiyoyajua.

— Vyote hivi sitini na vitatu ni vya kliniki yangu?

Dereva akatazama viatu vyake. Fundi akakumbuka ghafla kwamba penseli yake iko sikioni, akaitoa, akairudisha. Mama Birika akapangusa kikombe kilichokuwa safi.

— Kwa mfano hiki kilichogoma, Sista aliendelea, kidole juu ya kioo, kilichoandikwa kinataka toleo la nne. Kazi yake nini?

— Kinaleta matokeo ya mpira, alisema Injinia polepole.

— Kina mama wangu wanapewa matokeo ya mpira?

— Ni changu, alisema Dereva kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia tangu azaliwe. Alinitengenezea programu ya kubashiri mechi.

Ikawa siku ya maungamo. Mama Birika akakiri kwamba kimoja ni cha kwake: kinamwambia kama kesho kuna mvua, ajue apike kahawa kiasi gani. Fundi naye alikuwa na cha kupiga hesabu za kukata mbao bila kubakiza vipande. Injinia aliwatengenezea wote, kwa mapenzi tu, na vifurushi vya kila mmoja akavirundika mahali pamoja na vya kliniki, kwa sababu ilikuwa rahisi.

— Toa changu, alisema Dereva. Jumamosi kuna mechi kubwa, lakini toa. Watoto kwanza.

— Na changu toa, mwanangu, alisema Mama Birika. Mvua nitaitazama mawinguni kama zamani.

— Hatoi kitu! Fundi aliruka. Ingia ndani utazame rafu yangu. Kila kazi na kopo lake la skrubu. Za kabati haziingii kwenye kopo la mlango hata zikifanana kama pacha. Nani alikufundisha kuchanganya makopo?

Injinia akashika kichwa.

— Hakuna aliyenifundisha, Mjomba. Walinifundisha kinyume chake, siku ya kwanza kabisa. Kila programu na chumba chake, na vifurushi vyake humo humo. Niliona uvivu.

— Dakika kumi, alisema Sista.

Basi vidole vikaanza kukimbia. Akatenga chumba kipya, kitupu kabisa, kwa ajili ya kliniki peke yake. Akatazama alichokiandika mwenyewe: programu ya Sista ilihitaji vifurushi vitatu tu. Cha ujumbe, cha kalenda, cha kusoma orodha ya majina. Akaviita kwa matoleo yake ya zamani, akaandika waziwazi kwamba cha kuunganisha mtandao kije toleo la tatu. Vikaanza kushuka, kimoja kimoja, kwa mwendo wa mtandao wa duka la vitabu. Vitatu vikaleta ndugu zao wanane. Jumla kumi na moja.

— Wakwe wanane tu? Mama Birika alinong'ona. Familia yenye adabu.

— Nyamaza, vitasikia, alisema Dereva.

Hakuna aliyenyanyua kikombe. Kikashuka cha mwisho, na hakuna kilichogoma. Akaiwasha programu. Kioo kikakaa kimya sekunde moja, mbili, tatu, halafu kikaandika: ujumbe umetumwa.

Simu ya Dereva ikalia.

Akaitoa mfukoni, akainyoosha mkono mzima mbali na macho, akasoma kwa sauti, maana hajui kusoma kimyakimya:

— "Mama mpendwa, mtoto wako wa miezi tisa anasubiriwa kliniki kesho saa tatu asubuhi kwa chanjo. Tafadhali mlete pamoja na kadi yake."

Kabla hajamaliza ikalia ya Fundi. Naye akaitwa mama mpendwa, tena wa mapacha. Mama Birika, mwenye wajukuu sita, akaarifiwa kwamba kichanga chake kina wiki sita.

— Nisameheni, alisema Injinia, uso umemuiva. Nilikosa namba za kujaribia. Nikatumia zenu.

Benchi likalipuka. Fundi alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi la mbao. Mama Birika aliinua birika juu akacheza nalo mzunguko mzima. Mwenye duka la vitabu alitoka kabisa nje kuuliza kuna nini. Na Injinia alikuwa analia sasa bila kujizuia, huku meno yote yako nje, kwa sababu inafanya kazi, jamani, inafanya kazi.

Sista peke yake hakucheka. Alivuta kompyuta karibu, akasoma taratibu majina yote ya waliotumiwa ujumbe, akabonyeza hapa na pale, kisha akatoa kalamu na daftari.

— Jumatatu saa mbili uje nayo kliniki, alimwambia Injinia. Tutaanza na kina mama hamsini. Na uniandikie vifurushi vyote kumi na moja na matoleo yake kwenye karatasi, niibandike ukutani, asije mtu akasafisha nyumba tena.

— Ndiyo, Sista. Asante, Sista. Asante sana.

— Bado sijamaliza.

Akamgeukia Dereva. Uso wake ulikuwa uleule anaowakabili nao kina mama mia kila wiki, na kalamu ilikuwa tayari juu ya daftari.

— Mama, hapa naona mtoto wako ana miezi tisa, na kwa chanjo zote za nyuma hukumleta hata mara moja. Alikuwa wapi?

Dereva, aliyewahi kumweleza askari wa barabarani kwa nini lori lina mbuzi kwenye kiti cha mbele, na akaeleweka, alifungua mdomo. Akamtazama Fundi. Fundi akamtazama Mama Birika. Mama Birika akachungulia ndani ya birika. Sista akatazama saa, akajiweka sawa benchini, akafungua ukurasa mpya wa daftari na kuandika juu kabisa: "Mama Dereva".