Mama Kidole Anakabidhi Piano

Jumamosi hii, tarehe 30 Novemba, mpiga piano na mwalimu wa Kwaya ya Wanaume ya mji wetu anastaafu baada ya kututumikia miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Kazi yake ya mshahara, ukunga katika kituo cha afya, aliimaliza miaka sita iliyopita. Hii ya pili haikuwa na mshahara wala likizo, na ndiyo iliyokataa kumwachia. Jina lake kamili lipo kwenye vyeti. Sisi tunamwita Mama Kidole, kwa sababu akiinua kidole kimoja tu wanaume thelathini na wanane wananyamaza, na baadhi yao nyumbani kwao hawajawahi kunyamazishwa na mtu yeyote.

Alikuja kwa wiki mbili. Wakongwe wanasimulia kwamba mpiga piano wa wakati ule, ambaye ni shemeji yake, aliteleza kwenye ngazi akavunjika kiwiko siku kumi na nne kabla ya onyesho. Mkunga huyu, wakati huo mama wa watoto wawili wadogo, akafika mazoezini moja kwa moja kutoka kazini, viatu vyeupe miguuni, mkoba ukinukia dawa ya kunawia mikono. Fundi rangi, ambaye leo ndiye mwenyekiti wetu na wakati ule alikuwa kijana wa besi mwenye maneno mengi, akamzuia mlangoni. "Samahani dada, hii ni kwaya ya wanaume." Akamjibu, "Kaka yangu, mnatafuta mpiga piano au mnatafuta ndevu?" Fundi rangi akampisha. Kiwiko cha shemeji kilipona baada ya miezi miwili, lakini hakuna aliyekwenda kumwambia arudi kwenye piano. Naye, muungwana, akajiunga na waimbaji wa sauti ya juu.

Tunafanya mazoezi kila Alhamisi saa kumi na moja jioni, katika chumba kilicho nyuma ya karakana ya seremala. Vumbi la mbao huingia kila mahali, mpaka kooni. Mama Kidole huja na brashi ndogo ya rangi, hupangusa piano kibonyezo kwa kibonyezo, kisha hutazama saa. Ikifika kumi na moja kamili mlango unafungwa. Diwani mmoja aliyechelewa dakika nne aliimba zoezi zima akiwa nje, dirishani. Mama Kidole alisema hiyo ndiyo siku diwani alipoimba vizuri kuliko zote.

Tatizo lilikuwa moja: watoto hawazaliwi kwa ratiba ya kwaya. Mara nyingi mjumbe kutoka kituoni aligonga mlango katikati ya wimbo. Mkunga alichukua mkoba wake, akaandika kwenye kipande cha karatasi, "Rudieni ukurasa wa pili. Nitajua kama hamkurudia," akakibandika juu ya piano, akaondoka. Jioni moja alirudi baada ya saa mbili nzima na kuwakuta bado wanarudia, wamelowa jasho, hakuna aliyethubutu kwenda nyumbani. Akavua koti. "Msichana. Kilo tatu na nusu. Haya, ukurasa wa tatu." Basi kwaya ikazoea kuimba bila piano, si kwa kupenda bali kwa kuwa wanawake wa mji huu hawakuacha kujifungua.

Miaka kumi na minne iliyopita tulikaribia kufa. Kiwanda kilikuwa kimefunga milango na vijana wengi wamehama kutafuta kazi. Mwalimu wetu wa kwanza, mzee aliyeianzisha kwaya, macho yalimpunguka akaenda kuishi na mwanawe mbali. Walibaki waimbaji tisa. Kikao kiliitishwa kikiwa na ajenda moja, kuivunja kwaya, na barua ya kuaga ilikuwa imeshaandikwa na kupigwa muhuri. Mama Kidole aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia kwenye mkoba. "Nipeni mwezi mmoja," alisema. "Mkitaka kuvunja baada ya hapo, nitawaletea nyundo mimi mwenyewe."

Alichofanya mwezi ule kinasimuliwa mpaka leo kwa vinyozi na sokoni. Alipita nyumba kwa nyumba. Kila nyumba aliyokuwa amemzalisha mama, alimtafuta baba. Mwandishi wa maneno haya alikutwa uani anafua. Alisalimiwa vizuri, akaulizwa hali ya mtoto, kisha akaulizwa, "Siku mkeo anajifungua, nani alikuletea kiti ulipotaka kuzimia?" Nikasema ni wewe, mama. "Basi Alhamisi njoo ukalie kiti changu kingine." Nilimweleza kwamba sijawahi kuimba maishani. Akasema hata baba sikuwahi kuwa kabla ya siku ile, na nimemudu.

Ndivyo walivyopatikana mwoka mikate, fundi wa simu, walinzi wawili wa benki, mwalimu wa hesabu, na wengine wengi, jumla ishirini na wawili, wote wadeni wa heshima kwa mwanamke mmoja. Kwa kuwa mwalimu hatukuwa naye tena, ualimu nao akaubeba yeye. Alitufundisha nota kwa kuzichora ukutani kwa chaki. Besi tulifundishwa kupumua kama wanavyofundishwa kina mama wenye uchungu, na sioni aibu kusema kwamba njia hiyo inafanya kazi.

Miaka miwili baadaye tukaenda mashindano ya mkoa, wanaume thelathini na mmoja wenye tai za rangi ya zambarau alizozishona bintiye mkubwa. Mezani pa usajili karani alipitisha kalamu kwenye orodha, akaifikia safu ya mwalimu, akasimama. Akafungua kijitabu. Kanuni ya saba ilisema kila atakayepanda jukwaani katika kundi la kwaya za wanaume awe mwanamume. Mwalimu au mpiga piano, hakuna tofauti.

Fundi rangi alikuwa wa kwanza kuvua tai. "Tunarudi nyumbani," alisema. "Bila yeye hakuna kwaya hapa." Sote tukaanza kuvua tai. Mama Kidole akaja katikati yetu, akaichukua tai ya fundi rangi mkononi mwake, akamfunga upya shingoni kama anavyofungwa mtoto wa shule. "Nimewafundisha miezi minane mje muimbe," alisema. "Sikuwafundisha mje mgombane na karatasi. Mwoka mikate atawapa sauti ya kuanzia. Mkinitafuta, nimekaa safu ya tatu."

Tulipanda jukwaani bila mwalimu na bila piano. Mwoka mikate akaitoa sauti ya kuanzia, nyembamba lakini safi. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Ubeti wa pili besi tukaingiwa na woga tukaanza kukimbia, tukaiacha sauti ya juu nyuma, na wimbo wote ukaanza kuyumba. Hapo nikamwona. Alikuwa amekaa wima, mkoba mapajani, uso hauna wasiwasi wowote. Juu ya mkoba akainua kidole kimoja. Kanuni ya saba haikuwa na neno lolote kuhusu kidole cha mtu aliyekaa. Besi tukatulia, sauti ya juu ikatukuta, na kuanzia hapo tuliimba kama watu waliosahau kwamba wanashindanishwa. Tulipomaliza ukumbi ukalipuka.

Kati ya kwaya kumi na moja tulitangazwa wa kwanza. Mwenyekiti wa waamuzi, kikombe mkononi, akauliza mwalimu wetu ni nani, mbona hakumwona. Mikono thelathini na mmoja ikanyooka kuelekea safu ya tatu. Watu walisimama kumpigia makofi kabla hajasimama yeye. Karani wa usajili ndiye aliyekwenda kumshika mkono akamsaidia kupanda ngazi za jukwaa, na mwaka uliofuata kijitabu kilikuja kikiwa na kanuni sita.

Tangu hapo tumeleta nyumbani vikombe vingine vitatu. Tumeimba kwenye ufunguzi wa wodi mpya ya wazazi, ambako wagonjwa watatu waliomba tuimbe polepole zaidi na mmoja aliomba tuendelee. Wanaume zaidi ya themanini wamejifunza kusoma nota mikononi mwake. Piano anamkabidhi fundi wa simu, aliyefundishwa naye kwa miaka saba, na ambaye sasa anafunga mlango saa kumi na moja kamili bila huruma.

Tulipomuuliza anataka zawadi gani ya kuagwa, hakutaka saa wala kitenge. Alisema katika miaka yote hii hajawahi kuimba nasi hata wimbo mmoja, na kabla ya kuondoka angependa kuimba. Alhamisi iliyopita tulimpisha katikati ya mstari wa mbele. Fundi wa simu akaanza kupiga, na tukagundua siri iliyofichwa nyuma ya piano ile kwa miaka thelathini na mitatu: Mama Kidole hajui kuimba. Masikio yake hayakosei kamwe, lakini koo lake lina safari zake. Hakuna aliyecheka, isipokuwa fundi rangi, aliyekigeuza kicheko kuwa kikohozi. Naye mwenyewe alijua, na hakupunguza sauti hata kidogo. Aliimba beti zote nne, macho amefumba, machozi yakimtoka, na tulimfuata kule alikokwenda.

Tunamshukuru mumewe, fundi saa, shemeji yetu sote, aliyepika chakula cha kila Alhamisi na kukifunika mpaka mkewe arudi. Tunawashukuru binti zake wawili waliokua wakisikia besi kabla ya kulala. Na wewe, mama yetu, tunakushukuru kwa kuja kwa wiki mbili. Nenda ukapumzike. Tunakuombea asubuhi zisizo na haraka, mikono isiyouma, na wajukuu watakaokusumbua kwa kiasi. Na ukijisikia kuimba, jikoni, uani, popote utakapokuwa, imba kwa nguvu. Sisi tutakufuata.

Katibu, kwa niaba ya wanakwaya wote