Mfalme Aliyepanda Mti na Ngoma ya Kakuyuni

Maskani yetu iko nyuma ya soko la Malindi, na asubuhi ile Kufuli hakuwa na raha hata kidogo. Jina lake hasa ni Mwaringa. Twamwita Kufuli kwa vile kinywa chake hakifunguki ovyo. Mkewe, Mapenzi, yuko kijijini Kakuyuni tangu juzi. Pepo wamempanda, ngoma inachezwa, na leo mume anatakiwa aende asikie pepo wanataka nini. Kufuli anaogopa. Nasi, badala ya kumtia moyo, tukampa elimu. Wallahi, heri tungenyamaza.

Profesa, anayetembeza watalii, akatoa simu.

PROFESA: Tazama mtungi huu, wa Ugiriki ya kale. Wanawake waliacha kufuma nguo, wakapanda mlimani, nywele wazi, ngozi za chui mabegani, wanamchezea mungu wao wa mvinyo.

KUFULI: Waume zao je?

PROFESA: Mfalme mmoja alijificha juu ya mti awachungulie. Walipomwona wakamrarua vipande vipande. Aliyeanza ni mamake mzazi!

Abdulhakim, tunayemwita Redio, akadakia.

REDIO: Ndiyo maana wahenga wakanena, asiyefunzwa na mamaye...

MIMI: Redio, si huyu kafunzwa na mamaye?

REDIO: Basi methali imetimia!

KUFULI: Walikuwa wamelewa?

PROFESA: Wengine wasema hapana, ni ngoma na filimbi tu.

REDIO: Enhe! Na Ugiriki chui atoke wapi? Pepo wale ni wa huku kwetu, walipanda meli wakenda zao.

PROFESA: Basi sasa wamerudi. Mapenzi kapandwa na Mgiriki!

KUFULI: Mgiriki! Siendi ng'o. Mama mkwe yuko kule, na mkono wake naujua.

Tukacheka. Yeye hakucheka. Mara Bi Harusi, jirani yake, akatokea, kanga ina vumbi la Kakuyuni.

KUFULI: Shikamoo, Bi Harusi.

BI HARUSI: Marahaba. Mbona uko hapa?

Profesa akamweleza habari yote ya mfalme. Bi Harusi akasikiliza mpaka mwisho.

BI HARUSI: Huyo mfalme, alialikwa?

PROFESA: Aa, alichungulia tu.

BI HARUSI: Na yule aliyeitwa, akakataa kwenda? Alifanywa nini?

Profesa akapekua simu akitafuta.

KUFULI: Bi Harusi, naogopa.

BI HARUSI: Mapenzi naye anaogopa, mwanangu. Tangu alfajiri anauliza kama umefika.